Refa Naye Ana Mkubwa Wake

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini viwanjani, hapa Berega na kwingineko, tumezoea umkate mchezaji peke yake.

Sikilizeni kisa cha mpira wa kikapu kule Marekani. Aprili 15, 2007, San Antonio ilicheza na Dallas. Nyota wake, Tim Duncan, alikuwa ameketi benchi, akacheka uamuzi wa refa Joey Crawford. Refa akampa adhabu ya utovu wa nidhamu. Akacheka tena, akapewa ya pili, akatolewa nje.

Ligi ya NBA ilimtoza Duncan faini ya dola 25,000 kwa maneno aliyomtolea refa. Na Crawford? Naye alisimamishwa kazi hadi msimu ulipokwisha.

Nawapongeza. Nyota anayebishia kila filimbi huharibu mchezo. Lakini refa anayelipiza kisasi kwa filimbi huuharibu zaidi, maana mchezaji hana filimbi ya kumjibu.

Viongozi wa michezo, mkimwita mchezaji ajieleze, mwiteni na refa.