Mvua Haisomi Kitabu cha Mpaka

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wenyeji wa kartye na wafanyakazi wa mgodi



Tunataka kusema juu ya jambo moja tu. Kamati ya kartye iliyo ndani ya mpaka wa mji inajua mlango wa kupiga hodi. Yetu, iliyo nje ya mpaka, inazungushwa mlango kwa mlango. Juu ya nini?

Mnakumbuka habari ya njia ya masomo. Mvua iliikata, watoto wakawa wanavuka maji mpaka magoti. Tukakusanya feza nyumba kwa nyumba. Vijana walichimba mfereji Jumapili tatu, wamama wakabeba mawe. Ikabaki kuomba mabomba ya simenti ya kupitisha maji chini ya njia. Tukapeleka barua. Karani akafungua kitabu chake, akatafuta, akasema: «Kartye hii haimo.» Akaturudishia barua. Sisi makarani tunajua heshima ya kitabu. Lakini mvua haisomi kitabu.

Wandugu, shida hii ni ya zamani. Dekreti ya 26 Machi 1957 ilileta komini katika miji, na mwezi wa Desemba mwaka ule watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walichagua washauri kwa mara ya kwanza. Walichagua wanaume tu. Pembeni ya Léopoldville kulikuwa na sehemu zilizoitwa zone annexe, zisizokuwa komini. Watu wakajenga huko kwa wingi, zaidi tangu 1960, pasipo njia wala mifereji. Mwaka 1968 mji ukagawanywa katika komini 24, na sehemu nyingi za pembeni zikaingia. Mpaka ulifika nyuma ya nyumba, na mifereji ikabaki nyuma ya mpaka. Hata leo maji ya mvua yanakata vilima vya kusini mwa Kinshasa na kumeza nyumba za watu.

Hapa kwetu Lubumbashi, komini ya Annexe inazizunguka zile nyingine sita. Ukivuka mwisho wake unaingia teritwari ya Kipushi, lakini nyumba hazisimami pale mpaka unaposimama. Mtu analala upande huu, anafanya kazi upande ule, ananunua unga sokoni mjini. Jasho lake linaingia mjini kila asubuhi. Shida yake inaambiwa ibaki nje.

Sasa tusikilize sheria. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inasema mji, komini, sekta na shefferi kila mmoja una baraza lake na sanduku lake la feza. Kartye haina sanduku. Maana yake ni hii: kila kipande cha udongo kina mwenyewe wa kukijibia. Asiyekuwa wa komini ni wa sekta au wa shefferi. Hakuna raia wa hewani.

Tena sheria ya migodi, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Katika kila franka 100 za redevance ya madini, 50 ni za serikali ya katikati, 25 za provensi, 15 za komini, sekta au shefferi ambamo madini yanachimbwa, na 10 za sanduku la vizazi vitakavyokuja. Angalieni zile 15: zinafuata shimo, hazifuati kitanda cha mchimbaji. Kartye inaweza kujaa wafanyakazi wa mgodi, na franka zile zikaenda mahali pengine.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mji na jirani zake wa sekta na shefferi wakae meza moja, wagawane kazi ya njia na maji kabla ya kugombana juu ya mpaka. Pili, barua ya kamati ya nje ipokelewe, ipigwe muhuri, ijibiwe. Tatu, msaada utolewe kwa vitu: mabomba, simenti, fundi wa kupima. Mikono tunayo.

Na sisi je? Tusidanganyane. Kamati isiyo na kitabu cha feza haina kinywa. Mmoja akila feza ya mfereji, wakubwa watapata sababu ya kutufukuza wote. Sheria ya 20 Julai 2001 inaonyesha namna chama kisicho cha faida kinavyoandikishwa. Tuifuate. Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu, na wamama wawe katika kamati, kwani wao ndio wanaojua kisima gani kimekauka.

Wengine wanasema: tungoje mpaka mji utuingize. Kinshasa walingoja, tumeona. Jumapili ijayo kila nyumba ilete jina la mwenye nyumba na hesabu ya watoto wanaopita njia ile. Tutaandika barua mbili, moja kwa mji, moja kwa sekta, na majina yote chini. Kama kitabu chao hakina kartye yetu, tutawapelekea kitabu chetu.