Gunia Moja ni Ngapi? Mhadhara wa Umma Kikatiti



Nimeombwa nizungumzie hesabu, nami nimechagua swali linaloulizwa kila msimu wa mavuno kando ya barabara hii ya Arusha na Moshi: umepata magunia mangapi? Mkulima hujibu kumi, au kumi na mawili, nasi tukaridhika. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo bado halijakamilika. Idadi haina maana mpaka wanaohesabiana wakubaliane ukubwa wa kile wanachohesabu. Anayeachiwa kuamua ukubwa huo peke yake ndiye anayepanga bei.

Wafanyabiashara wa pwani walilijua hilo zamani. Nguo ziliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Nafaka ilikwenda kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Debe nalo lilikuja na mafuta ya taa: mkebe wa galoni 4, takriban lita 18, ukiisha mafuta ukageuzwa kipimo cha mahindi. Vipimo hivyo vilifaa pale tu muuzaji na mnunuzi walipojua kilichomo ndani yake.

Msidhani basi kwamba nayalaumu mafungu ya sokoni. Fungu la nyanya halina kilo, lakini mnunuzi analiona lote mbele yake, analilinganisha na la jirani, anaomba nyongeza, na asiporidhika anaondoka. Tena fungu humwezesha mwenye pesa kidogo naye apeleke mboga nyumbani. Hapo hakuna aliyefichwa kitu.

Lumbesa ni jambo lingine kabisa. Bei hupatanwa kwa jina la gunia, kisha gunia hushindiliwa, huongezwa kichwa na kushonewa wavu juu ya mdomo. Jina limebaki moja, mzigo umekuwa mwingine. Tupige hesabu pamoja. Kwa desturi yetu, madebe sita ya mahindi huhesabiwa kuwa gunia la kilo 100. Mkulima anayeuza magunia 12 yenye debe saba kila moja ametoa madebe 84. Yagawe kwa sita: ni magunia 14. Amelipwa 12, na mawili yameondoka bila bei. Mawili hayo yalilimwa, yakapaliliwa, yakavunwa na kupukuchuliwa kwa jasho lile lile.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zimeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio wenye jukumu la kusimamia. Kwa nini basi lumbesa inadumu? Tazameni malipo ya njiani. Mahali ambapo ushuru wa soko, ujira wa wapakiaji na nauli ya lori vinatozwa kwa gunia, kila kilo inayoongezwa ndani ya gunia lile lile inasafiri bure. Faida hiyo ndiyo inayomshawishi mnunuzi, na mkulima mmoja mmoja hawezi kumzuia, kwa sababu akikataa, lori linakwenda kwa jirani yake.

Ufaransa ilipitia adha hii. Mwaka 1789, wakulima walipoandika malalamiko yao kwa mfalme, wengi walilalamikia vipimo vya mabwana wa ardhi, vilivyotofautiana kutoka mahali hadi mahali. Mwaka 1795 nchi hiyo ikapitisha sheria ya vipimo vya metriki, ndivyo hivi vya kilo na mita tunavyovitumia leo. Kilo ilizaliwa pamoja na madai ya haki.

Nasi tayari tunaijua njia. Kahawa ya Meru inapopelekwa kwenye chama cha ushirika, huwekwa kwenye mizani na mkulima huandikiwa kilo zake. Mkulima huyo huyo akija na mahindi, vitunguu au viazi, kwa nini arudishwe kwenye gunia lisilo na mwisho?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila soko la mazao liwe na mizani ya umma iliyohakikiwa, iwekwe mahali pa wazi ambapo muuzaji na mnunuzi wote wanasoma namba. Pili, ushuru, upakiaji na nauli vitozwe kwa kilo, ili faida ya lumbesa ife. Tatu, shule zetu zifundishe hesabu kwa mizani halisi, mtoto apime debe la nyumbani kwao na kuandika uzito wake.

Tukifanya hayo, mkulima na mnunuzi wataendelea kuvutana kuhusu bei, na hilo ni haki yao. Ila watavutana kuhusu mzigo ambao wote wawili wanaujua.