MPIRA NA KITI CHA URAIS

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Homa Bay na Migori



Reli iliishia Kisumu mwaka 1901, na mpaka leo haijafika Homa Bay wala Migori. Hata hivyo watu wa pande hizi hawakosekani katika kazi ya reli, tangu Kisumu hata Mombasa. Kwa hiyo neno likianza kusemwa kazini, halikawii kufika nyumbani. Ndivyo lilivyofika swali ambalo Kamati imetutuma tulijibu leo.

Swali ni hili. Mtu aliyejulikana kwa mpira, au kwa mbio, au kwa ngumi, akija kutuomba kura, hata kura ya urais wa nchi, je, sisi wafanyakazi tumpe? Wengine wasema tumpe, kwa kuwa alizaliwa maskini kama sisi na jasho lake tumeliona kwa macho. Wengine wasema mpira ni mpira na serikali ni serikali, kila mtu akae na kazi yake. Uchaguzi mkuu wa Kenya utakuwa mwezi wa Agosti 2027, na kabla ya uchaguzi wageni hawapungui viwanjani. Wapo wanaokuja na mipira na jezi mkononi. Basi ni vizuri tujipange mapema.

Tuanze na jambo la karibu. Mwaka 2019 kiti cha Bunge cha Kibra, Nairobi, kilikuwa wazi baada ya kufariki kwa Mheshimiwa Ken Okoth. Kibra wote mnaijua. Ni nyumba chache hapa ambazo hazina ndugu kule. Chama cha Jubilee kikamsimamisha McDonald Mariga, yule kiungo aliyekuwa katika Inter Milan mwaka 2010 ilipotwaa kombe la mabingwa wa Ulaya. Sifa ya Mariga haikuwa ya kukopa. Lakini alikuwa amejiandikisha kuwa mpiga kura mwaka ule ule wa 2019, na jina lake lilipokosekana katika daftari alizuiwa kwanza, mpaka mambo yakaamuliwa na kamati ya migogoro ya tume ya uchaguzi. Siku ya tarehe 7 Novemba, Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, na Mariga 11,230. Usiku ule ule Mariga alimpigia simu mwenziwe akampongeza. Halafu akarudi katika mpira, na mwezi wa Desemba 2024 akachaguliwa kuwa makamu wa rais wa shirikisho la mpira la Kenya.

Twaona mambo mawili hapo. Kwanza, watu wa Kibra walimshangilia Mariga kama mchezaji, lakini kura wakaiweka mahali pengine. Makofi ni makofi, na kura ni kura. Pili, yule aliyeshindwa alikubali, na maisha yakaendelea. Lakini hicho kilikuwa kiti kimoja cha Bunge. Swali letu ni la urais, na hapo hatuna budi kwenda mbali kidogo, mpaka Liberia, Afrika ya Magharibi. Huko yupo mtu aliyeifanya safari hii yote, tangu mwanzo hata mwisho. Jina lake George Weah.

Weah alizaliwa mwaka 1966 mjini Monrovia, akalelewa na bibi yake katika mtaa wa Clara Town, mtaa wa maskini. Kabla ya kwenda ng'ambo alikuwa fundi wa mitambo katika shirika la simu la nchi yake. Sikieni hapo, ndugu. Alikuwa mwajiriwa wa shirika la umma, akingoja mwisho wa mwezi kama tunavyongoja sisi. Mpira ukampeleka Kamerun, kisha mwaka 1988 Monaco, kisha Paris, na mwaka 1995 Milan. Mwaka huo wa 1995 alichaguliwa mchezaji bora wa dunia, akapewa na ule Mpira wa Dhahabu wa Ulaya ambao mpaka sasa hakuna Mwafrika mwingine aliyeupata.

Nyumbani kulikuwa na vita. Liberia iliungua tangu 1989 hata 2003, na amani iliyokuja katikati haikudumu. Serikali haikuwa na fedha ya timu ya taifa, na Weah akatoa mfukoni mwake jezi, nauli, na matumizi ya wachezaji wenziwe. Vijana wengi wa Liberia hawakuwa na jambo jingine la kujivunia. Basi vita ilipokwisha wakamwambia, simama utuongoze.

Akasimama mwaka 2005. Katika duru ya kwanza alitangulia wote, akipata kura 28 katika kila 100. Katika duru ya pili, tarehe 8 Novemba, alishindwa na Mama Ellen Johnson Sirleaf, 59 kwa 40. Mama huyo alikuwa amesoma Harvard na kufanya kazi katika Benki ya Dunia. Neno lililompiga Weah kuliko yote lilikuwa elimu. Walimwambia, wewe hukumaliza shule, nchi iliyovunjika utaijengaje? Mwanzoni alilalamika kwamba kura zimeibiwa, na wafuasi wake wakaingia barabarani. Baadaye akaacha mashtaka yake.

Ndugu, wengi wetu hapa tuliishia shule ya msingi ya misheni. Tulifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, na dini, kisha tukaenda kutafuta kazi. Kwa hiyo jambo hili latugusa. Sheria ya Uchaguzi ya Kenya yataka mgombea wa urais awe na digrii ya chuo kikuu. Maana yake ni kwamba Weah wa mwaka 2005, pamoja na sifa zake zote, asingeweza kugombea urais hapa kwetu. Wala sisi, kadhalika. Je, sheria hiyo ni haki? Hatukuja kulikata neno hilo leo. Sote tumeona mtu mwenye vyeti akiharibu kazi, na mwingine asiye na vyeti akiiokoa. Lakini tazameni alivyofanya Weah mwenyewe. Hakukaa akilia kwamba amedharauliwa. Alirudi darasani, akiwa mtu mzima na tajiri, akamaliza masomo ya sekondari, na mwaka 2011 alikuwa na digrii ya mambo ya biashara. Mwaka huo akagombea umakamu wa rais, akashindwa tena. Mwaka 2014 akagombea useneta wa jimbo la Montserrado, ambamo Monrovia imo, akashinda kwa kura 78 katika kila 100. Na aliyemshinda alikuwa mtoto wa Rais. Ndipo tarehe 26 Desemba 2017 alipopata urais kwa kura 61 na zaidi katika kila 100, akaapishwa tarehe 22 Januari 2018. Hesabuni wenyewe. Tangu kugombea mara ya kwanza hata kushinda ilipita miaka kumi na miwili. Sifa ya mpira peke yake haikutosha kumfikisha Ikulu.

Sasa twaja kwenye jambo linalotuhusu zaidi: alipofika aliwafanyia nini wafanyakazi? Tuseme kwa haki. Siku chache baada ya kuapishwa alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa robo. Mwaka huo huo wa 2018 akafuta karo katika vyuo vikuu vya umma kwa wanaosoma digrii ya kwanza. Mzazi maskini aliyeona hayo alikuwa na sababu ya kushukuru.

Lakini hazina ilikuwa tupu na bei za vitu zikapanda. Mwezi wa Juni 2019 maelfu ya watu walijaa mjini Monrovia kulalamikia maisha magumu na ulaji wa mali ya umma. Mwaka huo huo serikali ilipanga upya mishahara ya watumishi wake, na wengine wakakuta yao imepungua. Mishahara ikachelewa. Walimu hawakuingia madarasani, na watoto wa shule wakatoka barabarani kudai walimu wao walipwe. Mwaka 2020, katikati ya ugonjwa wa Korona, wafanyakazi wa afya waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na haki zao. Mwishoni mwa mwaka 2022 Rais alikaa nje ya nchi zaidi ya mwezi mmoja, na katika safari hiyo alikuwa Qatar kumtazama mwanawe akiichezea Marekani katika Kombe la Dunia. Baba kumtazama mwanawe si kosa. Lakini mwalimu aliyewahi kungojea mshahara wake aliitazama safari hiyo kwa jicho jingine.

Ndugu zetu, yule aliyekuwa fundi wa simu alikuwa sasa ndiye mwajiri. Hilo ndilo tunalotaka mlishike. Kuzaliwa maskini si mkataba. Mtu aweza kutoka kwetu kabisa, akala ugali wetu, na siku akikaa upande wa pili wa meza akahesabu fedha kama kila mwajiri anavyohesabu. Kwa hiyo hatumuulizi mtu alizaliwa wapi. Twamuuliza ameandika nini, amesaini nini, na nani atamshika akivunja.

Hapa Homa Bay tunao mfano wetu. Kaburi la Tom Mboya liko Rusinga. Yeye hakuanza kwa sifa ya uwanjani. Alianza kwa kazi ya ukaguzi wa afya katika baraza la mji wa Nairobi, akawapanga wafanyakazi wenziwe katika chama, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikuwa mezani akiwasemea, na mshahara ukaongezwa. Alipoomba kura mwaka 1957 wafanyakazi walikuwa na kitu cha kupima. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969, lakini kipimo hicho hakikufa naye.

Basi tumeonelea tuwape maswali matatu ya kumuuliza kila mgombea, awe mchezaji au profesa. Msiyaulize nyumbani kwa minong'ono. Muulizeni pale pale uwanjani, mbele ya watu, kabla ya mpira kuanza.

La kwanza: kabla ya kutaka kura yetu, ulimsemea nani? Mchezaji wa kulipwa naye ni mfanyakazi. Huuza nguvu zake kwa mkataba, na akivunjika goti kazi imekwisha. Je, wachezaji wenzako walipokosa mshahara ulisimama nao, au ulikuwa kimya? Weah aliwalipia wenziwe. Hilo lilikuwa jibu jema. Wewe lako ni lipi?

La pili: fedha itatoka wapi? Mwaka 2006 timu ya Sony Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa Kenya, na Migori yote ikafurahi. Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini bei ya miwa haipangwi uwanjani, wala mshahara wa mwenye gari la moshi. Atakayetuahidi nyongeza atuonyeshe hesabu.

La tatu: ukishindwa, utaondoka? Swali hili ni zito kuliko mengine. Jirani yetu Uganda alikuwako bingwa wa ngumi, Idi Amin. Hakuomba kura ya mtu. Aliitwaa serikali kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971, na hakutoka mpaka alipoondolewa kwa vita mwaka 1979. Weah je? Tarehe 14 Novemba 2023 alirudiana na Joseph Boakai. Katika nchi nzima tofauti yao ilikuwa kama kura 20,000. Jeshi lilikuwa chini yake, na polisi pia. Tarehe 17, hesabu ikiwa haijakwisha kabisa, akasema redioni kwamba chama chake kimeshindwa lakini Liberia imeshinda, akampigia Boakai simu. Yule aliyelalamika mwaka 2005 alikuwa amejifunza. Katika nchi iliyokuwa imezika watu wengi namna ile, pengine hakuna bao alilofunga Milan lililofikia hilo.

Kwa hiyo jibu la Kamati ni hili. Hatumkatazi mchezaji kugombea, wala hatumpi kura kwa sababu ya goli. Mpira atakaouleta tutaupokea kwa mikono miwili, vijana wacheze. Jezi tutazivaa. Kura tutaitoa kwa majibu. Na ninyi ambao hamjajiandikisha, au mmehamishwa kazi na majina yenu yamebaki kituo cha mbali, nendeni mkatengeneze mambo hayo mapema. Mliona yaliyompata mgombea mzima pale Kibra.

Mwenye swali na aulize sasa.