Nyoka wa Ukutani: Picha za Wasukuma na Hadithi za Kale

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi habari za picha ambazo wengi wenu hamjapata kuziona, kwa kuwa zilichorwa ndani ya nyumba, wala hazikukusudiwa macho ya kila mpita njia.

Katika nchi ya Wasukuma, ambao wameenea tangu Shinyanga hata Geita, kuna chama cha kale cha wacheza nyoka, na watu wake huitwa Bayeye. Aingiaye chama hicho hufundishwa kumkamata nyoka na kuijua dawa ya sumu yake. Zamani alifundishwa pia hadithi za wahenga wa chama, na hadithi hizo zilichorwa ukutani, katika nyumba ya kuwaingiza wanafunzi: watu, nyoka, na viumbe ambao porini hawaonekani. Rangi zilitoka ardhini. Ajabu kidogo, kwamba nchi ileile ambayo Geita huchimbuliwa kwa ajili ya dhahabu, mchoraji aliridhika na udongo wake mtupu!

Bwana Hans Cory, aliyechunguza mila kwa ajili ya serikali ya Tanganyika, alizieleza picha hizo katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1953. Lakini ukuta wa udongo haudumu. Mvua ikipenya paa, mhenga na nyoka wake huporomoka pamoja na nyumba.

Sasa tutazame mbali. Mwaka 1891, huko Denmark, katika kinamasi cha Gundestrup, lilionekana sufuria kubwa la fedha. Limechorwa mtu aliyeketi, mwenye pembe zenye matawi, naye ameshika nyoka mkononi. Yafikiriwa kuwa ni mungu wa pori wa Wakelti, watu wa kale wa Ulaya. Jina lake, Cernunnos, lajulikana kwa jiwe lililofukuliwa Paris mwaka 1711. Sufuria lenyewe halina neno. Wachoraji wa Ulaya wampendao mungu huyo humchora upya kwa kukisia tu, maana hapana mzee awezaye kuwaambia nyoka yule alishikwa kwa sababu gani.

Kwetu wazee wa namna hiyo wangaliko, na hapo ndipo tuonapo haraka ya jambo lenyewe. Walakini haraka isiwe wizi. Hadithi ya Masala Kulangwa, aliyemwua zimwi Shing'weng'we, husimuliwa watoto wote jioni; mchoraji na aichukue apendavyo. Picha za Bayeye zina wenyewe, na mambo mengine yalikuwa siri yao. Kuyatia katika kitambaa cha kuuzia wageni bila ruhusa, sisi twaona ni utovu wa adabu.

Kijana apendaye kuanza, na aende Bujora, karibu na Mwanza, iliko nyumba ya makumbusho ya Wasukuma. Mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, wachezaji hutoka na chatu uwanjani. Asiwakimbilie na kalamu. Awaamkie wazee, angoje ngoma itulie, kisha aulize jina la nyoka.