Anayeshika Mlango wa Bahari



Sisi wa Dodoma tu mbali na bahari, lakini mlango wake unapitia kwetu. Reli ya Kati na barabara kuu hupitisha hapa mizigo ya Burundi, Rwanda na Kongo itokayo bandari ya Dar es Salaam. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kuifikia bahari.

Tukumbuke mwaka 1996. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Julai, nchi yetu pamoja na majirani iliiwekea Burundi vikwazo, vilivyosimamishwa Januari 1999. Nia ilikuwa kurudisha utawala wa katiba. Lakini bei zilipopanda, aliyelemewa zaidi hakuwa mwenye bunduki, bali maskini.

Anayeshika mlango anawajibika kwa wanaongoja nje. Hata anayemdai dereva hongo njiani anamnyang'anya mlaji asiyemwona. Basi, katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuikatae hongo hiyo. Na vikwazo vikifikiriwa tena, tuwadai viongozi wetu kwamba dawa na chakula vipite.

Tumsifu Yesu Kristo.