Kura na Hesabu katika Utafiti wa Afya

Shikeni kalamu na madaftari. Leo tutaitumia ile hesabu ya asilimia ili tuone jinsi wataalamu wanavyopima kama msaada fulani unafaa kwa afya ya watu.

Mkulima akipanda mbegu mpya ya pamba kwenye udongo mweusi wa mbugani, na mbegu ya zamani kwenye mchanga wa mlimani, hawezi kujua kama mavuno yameletwa na mbegu au na udongo. Kwa watu pia ni hivyo. Lazima tulinganishe wanaofanana.

Tutazame mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2018, katika kliniki 4 za Mkoa wa Shinyanga, watafiti waliandikisha watu wazima 530 waliokuwa wameanza karibuni kutumia dawa za virusi vya UKIMWI. Swali lilikuwa hili: je, fedha kidogo kila mwezi zitawasaidia kuendelea na matibabu?

Watu hao waligawanywa kwa bahati tu, kama kwa kura. Kundi la kwanza, watu 184, lilipata huduma ya kawaida bila fedha. Kundi la pili, watu 172, liliahidiwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kundi la tatu, watu 174, shilingi 22,500. Fedha zilitolewa kwa muda wa miezi 6, kwa anayehudhuria kliniki. Dawa walipewa wote.

Mtauliza, mbona wengine walinyimwa fedha? Kabla ya kupima, hakuna aliyekuwa na hakika kwamba zingefaa. Na kura haina upendeleo. Mwenye nauli na asiye nayo, mzee na kijana, wote wana nafasi sawa.

Baada ya miezi 6 walihesabiwa waliobaki katika matibabu na virusi vyao vimedhibitiwa. Walikuwa 134, 143 na 150. Haya, andikeni: 134 gawanya kwa 184, zidisha kwa 100. Mmepata 73. Kundi la pili ni 83, la tatu 86.

Angalieni, tumegawanya kwa wote walioanza, hata walioacha kuja. Tukiwaacha hao, tunajidanganya.

Bahati nayo huweza kutupoteza. Kati ya kundi la kwanza na la pili tofauti ni watu 10 katika kila 100. Wataalamu walikadiria kwamba tofauti ya kweli yaweza kuwa kama 1 tu, au ikafika 18. Haikugusa sifuri, ndiyo sababu walisema fedha zilisaidia. Kwa watu 50 tu, wasingeweza kusema hivyo.

Sasa jadilianeni. Mtu akisimama sokoni akasema, "Dawa yangu imeponya watu 20," mwulizeni: 20 kati ya wangapi? Na wasioitumia, walipona wangapi?