FUNDI, UMEPIMA NINI?

Leo tuzungumze habari ya gari.

Msimu mmoja wa korosho tulipanda Noah kutoka Masasi kwenda Newala. Tulipoanza kupanda mlima, gari likashtuka, likakosa nguvu. Gia hazibadiliki. Taa iliyoandikwa O/D OFF ikawa inawaka na kuzimika. Fundi akaja, akasikiliza kidogo, akasema: "Gia boksi imekufa. Nunueni nyingine." Mwenye gari akashika kichwa. Fedha yote ya korosho iishie huko? Ndipo mama mmoja, mwanakisomo mwenzetu, akauliza: "Mwanangu, umepima nini?" Fundi akanyamaza.

Ndugu, gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Oili ndiyo inayosukuma gia ziingie. Njia za oili hiyo hufunguliwa na kufungwa na vifaa vidogo vya umeme viitwavyo solenoidi. Ni kama koki za bomba la kijiji. Koki ikikwama, ndoo haijai, hata kama tangi limejaa.

Basi, kabla ya kutoa fedha, tufanye hivi:

1. Tutazame taa. Ikiwaka bila kupepesa, huenda kitufe cha gia kimebonyezwa tu. Ikipepesa, gari linasema lina hitilafu.

2. Tupime oili, gari likiwa mahali tambarare, injini ina moto na inaunguruma. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ugonjwa ni mkubwa zaidi.

3. Fundi asome kosa kwa mashine. Sisi tuandike namba yake daftarini.

4. Akague nyaya na plagi. Waya uliokatika huleta dalili zile zile za solenoidi mbovu.

5. Apime solenoidi kwa mita ya umeme. Katika Toyota nyingi za namna hii, ikiwa haina moto, husoma omu 11 mpaka 15. Umeme usipopita kabisa, waya wa ndani umekatika.

Gari lile je? Waya mmoja ulikuwa umekatika. Ukaungwa, tukapanda mlima, tukafika Newala.

Hatusemi mafundi ni waongo. Pengine gia boksi imekufa kweli. Lakini ndugu, hatukujifunza kusoma kwa ajili ya barua tu. Tuulize, tuone kipimo, tuandike. Halafu ndipo tufungue mfuko.